Kugawa Kazi si Kugawa Amana: Maktaba za Moduli na Akaunti Zinazojiendesha

Waswahili husema kwamba mjumbe hauawi. Methali hiyo ina sharti ambalo aghalabu halitajwi, maadam kila msikilizaji analifahamu: mtu huyo lazima ajulikane kuwa ni mjumbe. Afikapo hupiga hodi, hutaja jina la aliyemtuma, kisha husema alilotumwa. Akivaa nguo za bwana wake na kujitambulisha kwa jina la bwana wake, huyo si mjumbe tena, na kinga ya methali humwondokea.

Katika zama hizi amezuka mjumbe wa aina nyingine, asiye na mwili wala sauti. Ni programu ya kompyuta inayoingia katika akaunti kwenye jukwaa la mazungumzo, kama vile Telegram au Discord, ikasoma ujumbe unaoingia, ikajibu, ikapanga, ikahifadhi na ikafuta, pasipo mkono wa mwanadamu kugusa kitufe. Kazi ambayo zamani ilimhitaji mtaalamu aliyebobea sasa inawezekana kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mistari kumi au kumi na mitano tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kuandikwa na watu wengine na kuwekwa katika maktaba za programu zinazotolewa bure.

Jambo hili lina faida kubwa kwa elimu, kwani mwanafunzi huona matunda ya kazi yake papo hapo: huandika amri, na mara simu ya mwenzake inajibiwa. Lakini lina pia kosa moja la fikra ambalo halifai kuachwa lizoeleke. Watu hudhani kwamba programu iliyogawanywa katika sehemu nyingi imegawanya pia madaraka ya kila sehemu. Sivyo. Kugawa kazi ni jambo moja, na kugawa amana ni jambo jingine. Na mwalimu anayefundisha la kwanza akaacha la pili amefundisha nusu ya somo.

Maktaba ya programu ni nini?

Maktaba ya programu si chumba cha vitabu. Ni ghala la kazi zilizokwisha kufanywa, ambazo mwandishi wa programu huziita kwa majina badala ya kuziandika upya. Seremala hafui misumari yake mwenyewe. Huinunua kwa mhunzi, naye hubaki na kazi ya kuunda meza. Vivyo hivyo, anayetaka kuendesha akaunti ya Telegram kwa lugha ya Python huweza kutumia maktaba iitwayo Telethon, na anayetaka kuunda roboti ya mazungumzo katika Discord huweza kutumia discord.py kwa lugha hiyo hiyo, au discord.js kwa lugha ya JavaScript. Maktaba hushughulikia mambo magumu: kuunganisha na seva, kufunga na kufungua maandishi ya siri, kupokea habari kwamba ujumbe mpya umeingia, na kusubiri pale seva inaposema subiri.

Juu ya msingi huo mwandishi huongeza moduli, yaani vipande vinavyojitegemea, kila kimoja na kazi yake. Moduli moja hukaribisha wageni katika kundi, nyingine hutaja ratiba ya mitihani, ya tatu huhifadhi picha, ya nne hufuta matusi. Katika discord.py moduli ya namna hii huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya jino la gurudumu, na jina hilo linafaa, kwa sababu kila jino husukuma lenzake na mashine nzima ikazunguka. Tena moduli hizo huweza kupakiwa, kuondolewa na kupakiwa upya wakati programu inaendelea kufanya kazi, pasipo kuizima.

Fikra ya kugawa programu hivyo si ngeni. Mnamo Desemba 1972 mtaalamu David Parnas, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, alichapisha makala iliyouliza swali jepesi kwa sura na gumu kwa jibu: ni kwa kipimo gani programu igawanywe? Alichukua programu moja ndogo ya kupanga faharasa akaigawa kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza aliigawa kwa kufuata hatua za kazi: soma, zungusha maneno, panga, chapisha. Kwa njia ya pili aliigawa kwa kufuata maamuzi ambayo huenda yakabadilika baadaye, kila moduli ikificha uamuzi mmoja ndani yake. Programu zote mbili zilifanya kazi ile ile; lakini katika ile ya pili badiliko moja liliishia ndani ya moduli moja, ilhali katika ile ya kwanza badiliko hilo lilisambaa karibu kila mahali.

Roboti za mitandao ya mazungumzo zilikuja baadaye. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, aliunda mtandao wa mazungumzo uitwao IRC. Mwaka 1993 ikatokea roboti ya mtandao huo iitwayo Eggdrop, iliyokesha ikilinda makundi wakati wenyewe wamelala. Roboti hiyo ilikubali kuongezewa maandiko ya watu wengine yaliyoandikwa kwa lugha ya Tcl. Kwa hiyo desturi ya mtu kuichukua kazi ya asiyemjua na kuiweka ndani ya mjumbe wake imekwisha kupita umri wa miaka 30.

Milango miwili na funguo zake

Ili kufahamu hatari iliyopo, yapasa kutofautisha njia mbili za kuingia katika jukwaa la mazungumzo.

Njia ya kwanza ni akaunti ya roboti. Telegram ilifungua njia hiyo mwezi Juni 2015. Mwandishi wa programu huiomba akaunti kwa roboti kuu ya jukwaa lenyewe, naye hupewa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao ndio ufunguo wa roboti hiyo peke yake. Akaunti ya namna hiyo hujulikana wazi kuwa ni ya mashine. Haiwezi kumwanza mtu mazungumzo. Husubiri mpaka mtu aianze. Ikiwa ndani ya kundi, kwa kawaida huona amri zinazoelekezwa kwake na si kila neno linalosemwa, isipokuwa mwenyewe ameibadilishia mpango huo. Ni mjumbe aliyepiga hodi na anayengoja akaribishwe.

Njia ya pili ni kuipa programu akaunti ya mtu mwenyewe. Hapo programu huingia kwa namba ya simu ya mwenye akaunti, kwa jina lake na picha yake. Huona karibu mazungumzo yote anayoyaona yeye, ya leo na ya miaka iliyopita. Huweza kumwandikia yeyote ambaye yeye angeweza kumwandikia, na mpokeaji hana dalili yoyote ya kumjulisha kwamba anajibiwa na mashine.

Ufunguo wa njia hii ya pili unastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu anapoingia Telegram kwa mara ya kwanza katika kifaa, huulizwa namba iliyotumwa kwake na, ikiwa ameweka, neno la siri la pili. Baada ya hapo kifaa na seva hubaki na ufunguo wa pamoja wenye biti 2048, sawa na baiti 256. Maktaba kama Telethon huuhifadhi ufunguo huo katika faili dogo ndani ya kompyuta, ili programu isimsumbue mwenyewe kila inapowashwa. Anayelinakili faili hilo hahitaji simu, haulizwi namba wala neno la siri, kwa maana seva inamhesabu kuwa amekwisha kuingia. Baiti 256 ni pungufu ya maandishi yaliyomo katika aya hii. Na ndani yake umo urafiki, biashara, siri za nyumbani na jina jema la mtu.

Kuta zisizokuwapo

Hapa ndipo kosa la fikra linapojificha. Mwanafunzi anapoona faili kumi na mbili zilizopangwa vizuri, kila moja na jina lake, hujiona yumo katika nyumba yenye vyumba kumi na viwili na milango kumi na miwili. Kwa hakika yumo katika ukumbi mmoja uliochorwa mistari ya chaki sakafuni. Moduli zote zilizopakiwa katika programu moja ya Python huendeshwa kwa mamlaka yale yale na katika kumbukumbu ile ile ya kompyuta. Moduli ya kukaribisha wageni, ambayo kazi yake halali ni kusema "Karibu", inaweza kulifungua faili la ufunguo, kulisoma na kulituma kwa mtu aliye ng'ambo ya bahari, nayo ikaendelea kusema "Karibu" kama kawaida.

Parnas alipozungumzia kuficha habari ndani ya moduli, alikuwa akimlinda mwandishi wa programu dhidi ya usumbufu wa mabadiliko. Hakuwa akimlinda mwenye nyumba dhidi ya mwizi. Hizo ni kinga mbili tofauti, na ya kwanza haiwi ya pili kwa sababu tu zote mbili zimeitwa "kuficha".

Mifano ya madhara si ya kubuni. Mwaka 2018 mtunzaji wa kifurushi cha JavaScript kiitwacho event-stream, aliyekuwa amechoka na kazi hiyo isiyo na malipo, alimkabidhi mtu aliyejitolea kumsaidia. Mpya huyo akaongeza kifurushi kingine ndani yake, na ndani ya hicho cha pili akatia maandishi ya hila yaliyofungwa kwa fumbo, ambayo yalifunguka pale tu yalipojikuta ndani ya pochi moja ya fedha za kidijitali iitwayo Copay, ili kuiba funguo za wenye fedha. Watumiaji wa event-stream hawakuwa wamemchagua mtu huyo, walimrithi.

Mfano wa pili unahusu majukwaa ya mazungumzo yenyewe. Mnamo Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya JFrog walitangaza kwamba wamegundua vifurushi 17 vyenye hila katika ghala la npm, ambalo ndilo ghala kuu la maktaba za JavaScript. Vingi kati ya vifurushi hivyo vilikusudiwa kuiba tokeni za Discord. Sababu ni ile ile: mwenye tokeni ameingia tayari, wala hahitaji neno la siri.

Hoja za upande wa pili

Wako wanaosema kwamba akaunti ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali hapangiwi. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Mtu mwenye ulemavu wa mikono huweza kupata nafuu kubwa kwa programu inayomfanyia kazi katika akaunti yake. Mtafiti huweza kutaka kuhifadhi nakala ya mazungumzo yake ya miaka mingi, na mwenye duka huweza kutaka wateja wajulishwe kwamba leo amefunga. Telegram yenyewe inaruhusu programu za watu wengine kuunganishwa na akaunti za kawaida, ingawa hutangaza kwamba akaunti hizo huwekwa chini ya uangalizi ili zisitumiwe vibaya.

Lakini swali la mali halijibiwi kwa kutazama upande mmoja. Mazungumzo ni ya watu wawili au zaidi. Maneno yaliyomo katika akaunti ya Fulani yameandikwa pia na mama yake, mwalimu wake na rafiki aliyemweleza siri usiku wa shida. Hao waliyaweka maneno yao kwa mtu, kwa kuamini kwamba ni mtu. Fulani ana haki ya kuufungua mlango wake, lakini hana haki ya kumkabidhi mgeni asiyemjua amana za watu wengine. Sheria nazo zimeanza kulitambua jambo hilo: Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Wengine husema kwamba maktaba hizi ziko wazi, kila mtu anaweza kuzisoma, na kwa hiyo hila haiwezi kudumu. Ni kweli kwamba uwazi ni heri kuliko giza. Hila ya event-stream iligunduliwa kwa sababu watu waliweza kuichunguza. Hata hivyo kinachoweza kusomwa si lazima kiwe kimesomwa. Hila hiyo ilikaa wiki kadhaa mahali palipo wazi kabla ya mtu kuinama na kuitazama.

Tena si kila jukwaa linaruhusu. Discord hukataza kuendesha akaunti ya mtu wa kawaida kwa programu, na anayekiuka huweza kufungiwa akaunti yake. Toleo la 2.0 la discord.py, lililotoka Agosti 2022, liliondoa kabisa uwezo wa kuingia kwa tokeni ya mtu na kubakiza akaunti za roboti peke yake. Watunzaji hao walitoa mfano mzuri: si kila kinachowezekana kuandikwa kinastahili kuwekwa ghalani.

Mashine haichoki, watu huchoka

Liko jambo jingine ambalo somo la hesabu huweza kulionyesha. Mtu hutuma ujumbe mmoja, akafikiri, akatuma mwingine. Mashine haifikiri wala haichoki. Ndiyo maana majukwaa huweka ukomo wa kasi. Mwongozo wa Telegram huzishauri roboti zisipitishe takriban ujumbe mmoja kwa sekunde katika mazungumzo mamoja, ujumbe 20 kwa dakika katika kundi moja, na ujumbe 30 hivi kwa sekunde kwa wapokeaji mbalimbali kwa jumla. Roboti ya shule yenye wazazi 600, ambao kila mmoja ameianza mwenyewe, ingeweza kuwafikia wote kwa sekunde 20. Lakini roboti hiyo hiyo, ikiwa na kosa dogo la marudio yasiyokoma, katika muda huo huo ingeweza kuwaudhi wote 600 kabla mwalimu hajaifikia swichi.

Mpaka ukivukwa, seva hurudisha jibu la kukataa pamoja na idadi ya sekunde za kusubiri. Maktaba njema hutii. Wako wanaotafuta moduli za kukwepa utii huo, na hapo chombo cha kujifunzia hugeuka chombo cha kuwasumbua wengine.

Yapasayo shuleni

Haya yote si sababu ya kuwakataza vijana. Kuwakataza kungekuwa kuwasukuma wakajifunze gizani, kwa kunakili moduli wasizozielewa kutoka kwa watu wasiowajua. Linalotakiwa ni utaratibu, na kila chama cha kompyuta shuleni kinaweza kuufuata pasipo gharama.

Kwanza, kazi yote ya shule ifanywe kwa akaunti ya roboti, wala si kwa akaunti ya mwanafunzi, mwalimu au mzazi. Pili, roboti ijitambulishe katika ujumbe wake wa kwanza: hii ni mashine, imeundwa na darasa fulani, na mwalimu fulani ndiye msimamizi. Tatu, ufunguo usiandikwe ndani ya programu. Uwekwe mahali pa peke yake, ili programu ikionyeshwa ubaoni au ikipelekwa shule nyingine ufunguo usiende nayo. Nne, moduli isiyoweza kuelezwa mstari kwa mstari mbele ya darasa isipakiwe. Sharti hili litapunguza idadi ya moduli, na kupungua huko ni faida. Tano, mwanafunzi afundishwe kufunga mlango kabla ya kufundishwa kuufungua: namna ya kuibatilisha tokeni na kuomba nyingine, na namna ya kuangalia katika mipangilio ya akaunti orodha ya vifaa vilivyoingia na kukitoa asichokitambua.

Mwalimu anaweza kuanza na zoezi hili. Darasa liandike roboti yenye moduli mbili tu: moja itaje ratiba ya vipindi, ya pili ihesabu maswali yaliyoulizwa. Kisha wanafunzi wagawanywe katika makundi mawili. Kundi la kwanza liulizwe swali la Parnas: ratiba ikibadilika, ni faili ngapi zitahitaji kuguswa? Kundi la pili liulizwe swali ambalo Parnas hakuliuliza: moduli ya kuhesabu ikiandikwa na adui, inaweza kuchukua nini? Kundi la kwanza likijibu "moja" na la pili likijibu "kila kitu", somo litakuwa limeeleweka.

Taifa linalotaka wanasayansi halina budi kuwaachia vijana wake vyombo halisi, na maktaba za moduli ni miongoni mwa vyombo bora vya zama hizi. Lakini anayemtuma mjumbe hawajibiki kwa maneno ya mjumbe peke yake. Anawajibika pia kwa wote aliowaruhusu wapande mgongoni mwake. Kijana atakayezoea kuuliza "ni nani aliyeiandika sehemu hii, na nimempa nini?" kabla ya kuipakia, atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa hata siku maktaba hizi zitakapokuwa zimesahauliwa na nyingine kushika mahali pake.